Kungumanga, uraka na mkeka wa sebuleni: usingizi wangu baada ya kuacha vidonge

Hapa mtaani kwetu Chikongola, Mtwara, watu wakishajua uliwahi kutumia vidonge vya usingizi ukaacha, kila mtu anakuwa na dawa yake ya kukupa. Mmoja anakwambia chemsha mchaichai, mwingine saga kungumanga, mwingine anakuletea chupa ya unga wa mizizi kainunua stendi ya Masasi anakuapia hii ya asili kabisa haina madhara. Mimi karibia zote nimepita nazo na kuna zilizotaka kunirudisha kulekule nilikotoka, ndo mana nimeona niandike, najua kuna mtu yuko macho saa tisa usiku anageuka geuka kitandani anawaza bora kesho arudi tu duka la dawa yaishe.

Mimi nlikuwa kuli. Nimebeba korosho kwenye maghala ya hapa Mtwara tangu kijana, gunia kilo 80, msimu ukichanganya unabeba toka asubuhi mpaka usiku. Mwezi wa 11 mwaka 2019, yaani mwaka mmoja baada ya ule msimu wa jeshi kubeba korosho, ambao serikali ilitangaza inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, nikateleza kwenye ubao wa kupandia lori nikiwa na gunia begani, mgongo ukakaza hata kukaa nikashindwa. Niliko­tibiwa wakanipa dawa za maumivu pamoja na diazepam ya miligramu 5, kimoja usiku, ya kulegeza misuli, siku 14. Hakuna aliyeniambia kwamba ile dawa mwili unaizoea, na mimi sikuuliza, kwasababu usiku ule wa kwanza nililala usingizi ambao sikuwahi kuulala.

Siku 14 zikawa miaka mitatu. Kuna duka walikuwa wananiuzia bila cheti, nikifika tu naona mtu anafunga kwenye karatasi kabla sijafungua mdomo. Kimoja kikaacha kutosha, vikawa viwili, ilivyofika 2022 nameza vitatu kila usiku na siku ya mawazo vinne, na mgongo wenyewe ulishapona zamani. Naamka kichwa kizito mpaka saa nne asubuhi, nasahau vitu, mara mbili nimeacha jiko la mkaa linawaka ndani watu wamelala. Binti yangu mkubwa akawa anaogopa kuniamsha. Na mda wote huo nilikuwa najisemea mimi sio teja, teja ni wale wa unga wa heroini, mimi natumia dawa ya hospitali, na hilo neno limenipotezea miaka mingi kuliko kitu kingine chochote.

Siku niliyoamua kuacha nikaacha kwa mkupuo, nikavimwaga vyote chooni. Usiku wa kwanza na wa pili afadhali, mana ile dawa inakaa mwilini siku nyingi hivyo mwanzoni haikuonyeshi kitu. Kuanzia wa tatu sikulala tena. Jasho, mikono inatetemeka, sahani ikidondoka jikoni moyo unataka kutoka. Nlidhani arosto, yale mateso ya kuacha, ni ya wala unga tu kumbe na hivi vidonge vina arosto yake. Siku ya sita mchana nikaanguka uani nikashikwa na degedege mbele ya watoto wangu.

Mjomba akaitwa kutoka Newala, na kwetu sisi mjomba akishafika ndo neno limefika. Akasema hili jini, au kifafa cha ukoo, nipelekwe kwa mtu anayemjua yeye. Mke wangu akapiga goti akamwambia, "Mjomba nisamehe, huyu alikuwa anameza vidonge na wiki hii kaviacha, naomba twende hospitali kwanza, huko kwengine tutafata baadae." Alivyosema vile mbele ya watu wazima na mjomba akamsikiliza, mpaka leo nikikumbuka machozi yananitoka.

Hospitali nikakutana na nesi wa kitengo cha afya ya akili, mama mtu mzima, yeye na dokta wake ndo walionishika mkono. Sista hakunigombeza hata kidogo. Aliniuliza umeshawahi kupanda lori linashuka mteremko wa Newala na mzigo? Nikamwambia mara nyingi tu. Akasema basi ubongo wako una breki zake za asili, hiki kidonge kilikuwa kinakanyaga breki kwa niaba yako kila usiku, miaka mitatu, na ubongo ukaona hakuna haja ukaziacha breki zake zikalegea, sasa wewe umeng'oa mguu ghafla katikati ya mteremko. Kwahiyo tunarudi juu tunashuka upya polepole. Wakanirudishia dawa, na mwanzoni sikuelewa, nikajiona nimeshindwa, mtu nimekuja kuacha wao wananipa. Ila ndo inavyofanyika. Ukishatumia kwa mda mrefu hauachi kwa siku moja, degedege linaweza kukuua.

Tulianza Novemba 2022 kwenye miligramu 15, tukawa tunapunguza robo kidonge, nakata kwa wembe juu ya sahani, kila baada ya wiki tatu, ikinizidi tunakaa nne. Ratiba ya mtu mwingine inaweza kuwa tofauti kabisa, inategemea dozi yake na mwili wake, usiinakili yangu. Mke wangu ndo alikuwa anatunza vidonge kwenye sanduku lake la nguo, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga, kila usiku ananihesabia. Robo ya mwisho nimeimeza Septemba 2023.

Sasa hapa ndo watu wengi hawaambiwi. Kuacha kidonge ni jambo moja na kulala ni jambo lingine. Mimi nlidhani nikimaliza robo ya mwisho usingizi unarudi kama mtu karudi safari. Haurudi hivyo. Miezi ile ya kwanza nalala masaa matatu, manne, tena ya vipande vipande, na ndoto juu. Miaka mitatu sikuwa naota, dawa inakulaza ila inakula ule usingizi wenyewe mzito, ikiondoka ubongo unaanza kudai deni lake. Nlikuwa naota magunia yananifunika, naota marehemu baba ananiita ghalani, naamka nimelowa. Sista akasema hizo ndoto ni dalili kwamba usingizi wa kweli unajitengeneza, usiogope, zitapungua. Zikapungua kweli, ila ilichukua kama miezi minne hivi.

Na ni kwenye kipindi hicho ndo nilianza kutafuta vya asili.

Kungumanga ndo nianze nayo mana hapa pwani kila nyumba inayo, inatiwa kwenye halua, kwenye chai ya maziwa, na wazee wanasema inaleta usingizi. Jirani akaniambia kidogo haisaidii we saga mbili nzima utie kwenye maziwa ya moto. Nikasaga. Masaa mawili hamna kitu nikaona nimedanganywa, masaa manne baadae mdomo umekauka kama nimelamba majivu, moyo unaenda mbio, ukutani naona vitu vinatembea, nikatapika mpaka nyongo. Mke wangu alivyoniona macho yale alijua nimerudi kwenye vidonge, akaenda kukagua sanduku lake usiku uleule anatetemeka. Kungumanga ya kuonja kwenye chakula haina shida, lakini ukizidisha ni sumu, hata moja nzima ishakuwa nyingi, inapanda kichwani na inachafua mapigo ya moyo. Kwa mtu ambaye ubongo wake bado unajenga breki zake ni kujitafutia balaa, na mimi nimejionea.

Ule unga wa Masasi nao. Jamaa alinipa kijiko kimoja, nikalala palepale, nikaamka asubuhi kichwa kizito, na ule uzito niliujua, nliishi nao miaka mitatu. Nikaipeleka chupa kwa sista. Akaniambia kitu chochote kinachokuangusha ndani ya nusu saa kama kidonge, kihesabu ni kidonge, kwasababu nchi mbalimbali zimeshakamatwa dawa zinazoitwa za mitishamba kumbe ndani zimesagiwa dawa za hospitali hizihizi za usingizi. Ile chupa niliimwaga. Na kuna wale wanaokwambia meza piriton za mafua zinalaza, hiyo nayo sista alinikataza nisiifanye ya kila siku, mwili unaizoea haraka na wewe umeshakuwa na mwili unaojua kuzoea.

Halafu uraka, pombe ya mabibo ya korosho. Kidonge changu cha mwisho kilikuwa Septemba na Oktoba mabibo yanaiva, harufu yake imejaa kila njia, watu wanakamua, na kila kilabu unachopita unaitwa. Nlikunywa siku mbili tu na ninazijutia. Pombe inakanyaga breki ileile iliyokuwa inakanyagwa na kidonge, usingizi unakuja haraka kweli halafu saa nane usiku unakatika kama umekatwa na panga, jasho na mapigo yanarudi, unabaki macho mpaka kunakucha. Na mtu ambaye bado anameza hivi vidonge au zile dawa kali za maumivu kama tramadol akichanganya na pombe anaweza kuacha kupumua akiwa amelala, asubuhi mnamkuta wa baridi. Hili nalisema kwa uchungu, msimu ule ndo tunaozika vijana na tunasema tu kalala hakuamka.

Mchaichai ndo kitu pekee kati ya vyote ambacho bado niko nacho. Sisemi ni dawa ya usingizi. Kilichonisaidia ni kwamba saa tatu na nusu usiku mke wangu anainjika sufuria, tunazima taa kubwa, simu naiweka kabatini, tunakunywa tunaongea mambo ya watoto, na mwili ukaja kuelewa kwamba hii harufu ikija kelele za siku zimeisha. Angekuwa anainjika tangawizi ingekuwa ileile. Na karanga au korosho kiganja kimoja, watu wanasema korosho ina magneziamu na kweli ina, ila mimi nakula kwasababu njaa ilikuwa inaniamsha.

Kwahiyo kilichoniponya ni nini, naulizwa sana. Nitasema kama kilivyo japo watu hawakipendi kwasababu hakinunuliki.

Mwanzo wa 2024 sista aliniambia nimhesabie naingia kitandani saa ngapi natoka saa ngapi. Nikamwambia naingia saa mbili usiku natoka saa moja asubuhi, nauvizia usingizi. Akasema masaa kumi na moja kitandani kulala manne, kitanda chako kimeshakuwa sehemu ya mateso, mwili ukikiona tu unajiandaa kwa vita. Akanipa saa sita usiku kuingia na saa kumi na moja na nusu kutoka, nilale nisilale, na mchana hakuna kujinyoosha. Alikuwa amesubiri nimalize dawa kabisa na nipite miezi kadhaa bila degedege ndo akanipa hili, kwasababu kukosa usingizi kwenyewe kunaweza kuliita degedege, na hakukubali niende chini ya masaa matano na nusu. Kama umewahi kuanguka usijifanyie hili peke yako.

Wiki mbili za kwanza nililia. Nasema ukweli, nlikuwa nakaa barazani saa nne usiku kichwa kinadondoka na sina ruhusa ya kwenda kulala. Na kuna sharti la pili, nikiingia kitandani nikaona kama dakika ishirini zimepita sijalala, bila kuangalia saa, nitoke. Niende sebuleni, kwenye mkeka, taa hafifu, nisubiri usingizi unirudie ndo nirudi. Huo mkeka wa ukili aliusuka mama yangu. Nimekaa juu yake usiku mwingi sana, nasoma uradi, au nakaza miguu naachia, nakaza mikono naachia, navuta pumzi kwa pua nahesabu nne natoa taratibu nahesabu sita. Usiku mwingine narudi mara tatu kitandani na mara tatu natoka. Lakini wiki ya tatu kukatokea kitu, nimeingia saa sita nikashtuka naskia adhana ya Alfajiri. Nilikaa kitandani nikamuamsha mke wangu nikamwambia nimelala. Akaniuliza umemeza nini? Nikamwambia sijameza kitu.

Kila nikilala karibu mda wote ule kwa wiki nzima ananiongezea robo saa. Tukapanda hivyo hivyo mpaka leo naingia saa nne na nusu natoka saa kumi na moja na nusu, humo ndani nalala masaa sita, siku nzuri sita na nusu. Saa hiyo ya kutoka haibadiliki, Jumapili sawa na Jumatatu, nimelala vizuri au sijalala, natoka, naswali, natembea mpaka Shangani ufukweni, jua likichomoza upande wa Msangamkuu linikute nje. Mwanga wa asubuhi ndo unaoiambia saa ya mwilini kwamba siku imeanza na unaihesabia usiku wake, na hapa kwetu jua linatoka mapema mno, ni neema ambayo nlikuwa nailalia.

Kuacha kahawa kuliniuma kuliko kuacha uraka. Kijiwe chetu cha kahawa kinaanza saa kumi jioni mpaka isha, kahawa chungu na kashata, ndo tunapozungumzia mpira na bei za mnada, na mimi nlikuwa nakunywa vikombe vitano sita. Kikombe cha saa kumi jioni, ikifika saa tatu usiku nusu ya kafeini yake bado iko kwenye damu. Niliacha kwenda kabisa kama mwezi nikaona naumia vingine, upweke nao haulazi mtu, nikarudi na chupa yangu ya tangawizi ya moto. Wazee wa kijiwe hawakuniuliza kitu, mmoja akawa ananisogezea kashata tu. Chai ya rangi nayo ina kafeini, mimi mwisho saa sita mchana.

Joto la kaskazi, kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3, ni adui wa kweli kwa nyumba za bati. Mwili unahitaji kupoa kidogo ndo uzame usingizini. Naoga maji ya uvuguvugu kama saa moja kabla, sio ya baridi sana, ukitoka pale ngozi inatoa joto na unapoa wenyewe. Kukiwa kubaya sana tunalala barazani wote, chandarua kimefungwa kwenye nguzo. Mgongo ukiamka mke wangu ananikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Mizigo sibebi tena, msimu nashika daftari kwenye mizani.

Bado nina usiku mbaya. Wiki iliyopita tu kulikuwa na ngoma mtaa wa pili, nikawa mkekani toka saa nane. Tofauti ni kwamba siogopi tena. Zamani usiku mmoja bila kulala niliona kesho nakufa, sasa najua kesho nitachoka na kesho kutwa nitalala.

Mwezi huu mjomba kashuka kutoka Newala, ana shughuli zake za salfa, ile dawa ya mikorosho, kafikia kwangu. Usiku nikamkuta sebuleni anapapasa mfuko wa shati, katoa karatasi iliyokunjwa vilevile kama zilivyokuwa zinakunjwa za kwangu. Nikamsalimia, nikakaa nae mkekani. Hakuficha. Akasema tangu nifiwe na mke mwanangu usiku haupiti, kuna kijana pale dukani ananipa hivi, mwaka wa pili huu. Umri wake umepita miaka sabini, na kwa wazee hivi vidonge ni hatari zaidi, vinawayumbisha wanaanguka wanavunjika nyonga wakienda chooni usiku, na kweli ana kovu jipya kwenye paji la uso ambalo alisema kajigonga mlango. Nikamwambia mjomba usiache hata kimoja leo, meza kama ulivyozoea, Jumatatu tunaenda wote kwa sista. Akakaa kimya mda mrefu. Halafu akaniuliza ile siku ulivyoanguka, ndo hivi hivi? Nikamwambia ndo hivi hivi mjomba. Amenipa ruhusa niandike, ameomba tu nisitaje jina lake, na karatasi ile ameikabidhi kwa mke wangu aiweke kwenye sanduku.